Gari la umeme hadi Nakuru: hesabu vituo kabla ya kilomita

Kila ninapogusia magari ya umeme katika safu hii, swali linalorudi ni moja: "Likijaa, hilo gari lafika wapi?" Ni swali la haki. Mtu aliyeweka akiba miaka mingi hapa Mombasa, Kilifi au Kwale hataki kununua gari litakalomkwamisha barabarani na watoto ndani. Lakini kwa safari ndefu swali hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ndiyo nzito: kituo cha kuchaji kinachofuata kiko wapi, kinafanya kazi leo, na plagi yake yaingia kwenye gari langu?

Kwa mizunguko ya mjini hakuna shida kubwa. Anayetoka Mtwapa kwenda kisiwani na kurudi atachaji nyumbani usiku, asubuhi aendelee na kazi. Tatizo huja kunapokuwa na harusi au tanzia bara. Wengi wetu tuna jamaa Nakuru, wengine tangu zama za wazee waliohamia Bondeni. Nimeipita barabara ya Nairobi hadi Nakuru mara kadhaa nikiwa na bin ami yangu katika Nissan Leaf yake ya mtumba, na nitaitumia barabara hiyo kueleza, kwa sababu ina kila kinachomtia gari la umeme mtihanini: kupanda, kushuka, baridi, na vituo vichache vilivyo mbalimbali.

Hesabu ya uniti

Betri ya gari hupimwa kwa uniti zile zile unazonunua kwa tokeni. Leaf za mtumba zilitengenezwa na betri za uniti 24, 30, 40 au 62. Sheria yetu hairuhusu mtumba uliopita miaka minane kuingia nchini, lakini hata gari la miaka sita au saba betri yake imekwisha kuchoka kiasi. Tuchukue Leaf ya uniti 40 iliyobakiwa na asilimia 80 ya nguvu zake. Hiyo sasa ni betri ya uniti 32.

Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, uniti moja hukupeleka takriban kilomita sita. Zidisha, upate kilomita 190 na ushei. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Ukiishia hapo utasema gari latosha, tena labaki. Hujaupanda mlima bado.

Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya bahari. Barabara ya juu hupanda hadi zaidi ya mita 2,500 upande wa Kimende kabla ya kuteremka Naivasha, iliyo karibu mita 1,900. Kulinyanyua gari lenye watu wanne mita 100 kwenda juu hula karibu nusu uniti, mbali na umeme wa kuendea mbele. Kwa hiyo mpaka ufike kileleni umekula kama uniti 13. Ukishuka, mota hugeuka dainamo na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, lakini hairudishi wote. Utaingia Naivasha, kilomita 90 kutoka Nairobi, ukiwa na uniti 14 hivi. Nakuru iko kilomita 70 mbele, nazo zataka uniti 12. Utafika na mbili. Upepo ukiwa wa mbele, au msongamano ukikuchelewesha Gilgil usiku huku taa na hita zinafanya kazi, hizo mbili hazipo tena.

Ndiyo sababu Naivasha ni mahali pa kusimama hata kama dashibodi yasema waweza kuendelea. Dakika 20 au 25 kwenye chaja ya kasi zitakuongezea uniti 12, na Nakuru utaingia ukiwa na moyo mtulivu. Anayeendelea Eldoret ahesabu upya: kutoka Nakuru barabara hupanda tena, na Timboroa inapita mita 2,700.

Sisi wa Pwani tuangalie hesabu hiyo hiyo upande wetu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi tunapanda mita 1,700 zote. Hizo ni uniti nane au tisa zaidi ya umbali wenyewe. Gari lililoshuka kwa raha halirudi juu kwa bei ile ile.

Kwa nini chaja ya kasi ina kasi

Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde. Betri hupokea umeme unaokwenda upande mmoja tu. Lazima kiwepo kifaa cha kuugeuza. Unapochaji nyumbani, kifaa hicho ni kidogo, nacho kimo ndani ya gari. Soketi ya kawaida hutoa uniti mbili na kitu kwa saa, na chaja ya ukutani kwa Leaf hufika uniti sita na nusu kwa saa. Kwenye kituo cha kasi kifaa cha kugeuza ni kile kisanduku kikubwa kilichosimama nje, kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye betri. Chaja iliyoandikwa kilowati 50 yaweza kutoa hadi uniti 50 kwa saa, gari likikubali.

Na gari ndilo linaloamua. Betri ikiwa chini hupokea haraka, ikikaribia kujaa hupunguza. Ni kama watu wanaoingia msikitini Ijumaa: wa mwanzo hukaa mara moja, wa mwisho huzunguka kutafuta nafasi. Kutoka asilimia 20 hadi 80 Leaf ya uniti 40 huchukua kama dakika 40. Asilimia 20 za mwisho zaweza kula muda kama huo huo. Kwa hiyo safarini ondoka kwenye 80, labda kituo kinachofuata kiwe mbali sana. Mwenzako anayesubiri nyuma naye atakuombea dua.

Kuna la joto pia. Leaf kama hiyo haina maji ya kupoza betri. Ukiichaji kwa kasi mara mbili tatu siku moja, betri hupata joto na gari hupunguza kasi ya kupokea ili kujilinda. Baridi ya Kinangop husaidia. Jua la Mackinnon Road na Voi halisaidii. Magari yenye mfumo wa kupoza betri, kama BYD Atto 3, hustahimili zaidi.

Plagi hazifanani

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawaulizi. Leaf kama hiyo hutumia plagi ya kasi iitwayo CHAdeMO, ya Kijapani. Magari mapya mengi yaliyotengenezewa masoko ya nje hutumia CCS2. Magari yaliyotengenezewa soko la ndani la Uchina hutumia GB/T. Kituo chaweza kuwa kizima na wazi, nawe ukatazama tu. Kabla hujalipa gari, fungua kifuniko cha tundu, lipige picha, kisha uulize vituo vya njia unayokwenda kama wanayo plagi hiyo. Adapta isiyo ya mtengenezaji wa gari usiijengee safari.

Tukiwa safarini mara moja tuliingia kituo kimoja Naivasha, ambacho ramani ya simu ilisema kipo na kinafanya kazi. Kilikuwepo. Mlinzi akatujia, "Shikamooni wazee. Hiyo mashine imezima tangu jana, fundi hajafika." Tulikuwa tumebakiwa na uniti za kutosha na tunajua pahali pa pili, kwa hiyo hatukuharibikiwa. Anayefika na asilimia tano hana la kufanya ila kumwita mwenye lori la kuvuta magari.

Nahodha hang'oi nanga bila kujua bandari ya kukimbilia bahari ikichafuka. Kanuni ni hiyo hiyo: fika kila kituo ukiwa na umeme wa kukufikisha kituo cha pili. Piga simu kabla ya kuondoka, siyo ukiwa umefika. Uliza mambo manne: mashine inafanya kazi leo? Ina plagi ya gari langu? Mnafunga saa ngapi? Na mnalipisha kwa uniti au kwa dakika?

Bei na chanzo cha umeme

Swali la mwisho lina pesa ndani yake. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 kwa saa ambazo matumizi ni madogo, hasa usiku wa manane, kabla ya kodi na ada. Hiyo ndiyo bei anayonunulia mwenye kituo. Yeye ataongeza gharama ya mashine, kiwanja na faida yake. Kituo kikitoza, tuseme, shilingi 60 kwa uniti, zile uniti 12 za Naivasha ni shilingi 720. Ukikuta kinachotoza kwa dakika, gari linalopokea polepole litakugharimu zaidi kwa umeme ule ule.

Bei ya usiku ina sababu, na sababu iko huko huko Bonde la Ufa. Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981, na mwaka 2023 Menengai, juu ya mji wa Nakuru, nayo ilianza kuchangia kwa mtambo wa megawati 35. Mvuke haulali. Watu wakizima taa, umeme hukosa mnunuzi. Gari linalochajiwa saa saba za usiku hutumia kile ambacho kingepotea.

Lakini tusijidanganye. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na giza likarudi Novemba na Disemba mwaka huo huo. Stima ikikatika, kituo kisicho na jenereta au betri zake ni nguzo tu. Kwa safari ya lazima, hasa ya mgonjwa au maziko, toka nyumbani gari likiwa limejaa kabisa.

Tunalopaswa kudai

Mwaka 2025 Kenya Power ilitangaza mpango wa vituo 45 katika kaunti kadhaa, zikiwemo Nakuru, Mombasa na Taita Taveta. Novemba mwaka huo huo upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa, barabara ambayo watumiaji watailipia. Huo ndio wakati wa kuuliza vituo vya kuchaji vimechorwa wapi. Kukumbuka baada ya lami kukauka ni gharama mara mbili.

Sisi wa huku tuulize Voi na Mtito Andei. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 150, zote za kupanda. Kwa Leaf ile ya uniti 32, hicho ni kipande cha kufika umechoka. Na kituo kimoja hakitoshi. Chaja moja ikiharibika, barabara imefungwa kwa kila aliye na gari la umeme. Ziwe mbili pahali pamoja, zenye plagi tofauti, na namba ya simu inayopokelewa.

Kwa anayeniuliza kama anunue, jibu langu hutegemea safari zake. Ikiwa maisha yako ni Likoni, Bamburi, Mtwapa na Malindi mara moja moja, nawe una pahali pa kuchaji nyumbani, hesabu yake ni nzuri hata sasa. Ikiwa wabeba abiria kutoka Mombasa hadi Nakuru kila wiki kwa ahadi ya saa, subiri mpaka kila kipande cha njia kiwe na vituo viwili unavyovijua kwa simu. Na ukienda mara moja kwa mwaka kwenye harusi, nenda. Ila ongeza saa mbili au tatu kwenye safari yako, na chakula cha mchana kile wakati gari nalo linakula.