Mpira wa mkojo mkononi mwa mtoto

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi huweza kufanyiwa upasuaji MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, kidonda kikapona, kisha akarudi nyumbani Keko na tatizo lisiloonekana: neva za kibofu. Mkojo huvuja kidogo kidogo huku mwingine ukibaki ndani. Shinikizo likipanda, mkojo hurudi juu na kuharibu figo polepole, mara nyingi bila maumivu ya kumshtua mzazi. Ndiyo maana nepi pekee haitoshi. Wengi wa watoto hawa huhitaji kutolewa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 3 hadi 4 mchana, na kazi hiyo kwa kawaida humwangukia mama. Nasema aanze kuikabidhi mapema, hatua moja moja, asisubiri mtoto aweze yote.

Wengi watapinga: mikono ya mtoto haitakati, choo ni cha wapangaji wote, atajiletea U.T.I. Hofu hiyo naielewa, lakini mwaka 1972 Jack Lapides, daktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake walionyesha kuwa mpira uliooshwa vizuri unatosha, bila utakasaji wa chumba cha upasuaji. Kwa maelezo yake, hatari kubwa ni kibofu kuachwa kikafura hadi damu ikapungua kwenye kuta zake. Kuchelewa, basi, kuna madhara zaidi kuliko choo cha pamoja. Tena si lazima kwenda chooni, kwani chumbani panatosha, mikono ikioshwa kwa sabuni na mkojo ukipokelewa kwenye chombo. Mtoto wa miaka 5 anaweza kunawa, kuandaa mpira na kukumbuka zamu. Baadaye kidogo, vidole vikishakuwa vyepesi, wengi hujiingizia wenyewe. Msichana huanza kwa kutumia kioo. Mtoto ambaye pia ana kichwa kikubwa (maji kichwani) huenda akasahau mpangilio, naye asaidiwe kwa picha ukutani na mlio wa simu.

Wengine husema huo ni mzigo kwa mtoto. Mzigo mkubwa zaidi ni kuguswa sehemu za siri na kila mlezi, hata asijue kwamba ana haki ya kukataa. Na shuleni mama hayupo: mwanafunzi asiyejimudu hukaa amelowa au huacha masomo. Mwalimu anaombwa machache, nayo ni choo chenye komeo, maji, sabuni na ruhusa ya kutoka bila kujieleza mbele ya darasa. Mzazi naye asijitoe kabisa, maana wengi wakibalehe huruka zamu. Aendelee kuuliza, na kumpeleka kliniki figo zipimwe hata kama mtoto hana homa.