Je, wajua? Lenzi ya kamera yaweza kukupimia umbali wa twiga

Nje kidogo ya mji wa Garissa, kwenye hifadhi ya Bour-Algi, umempiga picha twiga amesimama wima kati ya migunga. Alikuwa umbali gani? Jibu limo ndani ya picha yenyewe, bora ujue kimo chake na namba ya lenzi uliyotumia.

Namba hiyo, kwa mfano milimita 400, ndiyo urefu wa fokasi. Zidisha urefu wa fokasi kwa kimo cha mnyama, kisha gawanya kwa kimo cha taswira yake kwenye kihisi, kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Basi, ni pembetatu mbili zinazofanana: kubwa iko porini, ndogo imo ndani ya kamera.

Tuseme kihisi chako kina kimo cha milimita 24 na pikseli 4,000 kutoka juu hadi chini. Twiga wa mita 5 amechukua pikseli 1,000 kutoka kwato hadi utosi, yaani robo ya fremu, milimita 6. 400 mara 5, gawanya kwa 6: mita 333 hivi.

Lakini kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo, chenye kimo cha milimita 15.6 hivi. Robo yake ni milimita 3.9, na twiga yuleyule anayejaza robo ya fremu sasa yuko zaidi ya mita 510. Picha iliyopunguzwa na WhatsApp bado inafaa, maana robo inabaki robo. Iliyokatwa kingo ndiyo haifai kitu.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hutoka kwa mnyama mwenyewe. Akiwa jike wa mita 4.5, zile mita 333 zinashuka hadi 300. Akiwa dume wa mita 5.5, zinapanda hadi 367. Akiinama, pima bega badala ya utosi. Na jua la mchana la Garissa usilisahau: hewa ya moto hutetemeka juu ya ardhi, kwato zikapotelea humo.

Kusini zaidi, kwenye hifadhi ya Ishaqbini, ambako eneo la hirola, swala adimu, lilizungushiwa uzio mwaka 2012, bega la mnyama ni mita 1 na kidogo tu, kwa hiyo kila pikseli ina uzito. Hirola waliobaki duniani wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Wanaohesabu wanyama kwa kupita kwenye mstari huhitaji umbali wa kila kundi ili wakadirie idadi, na kumsogelea hirola ni kumkimbiza.

Watafiti wa twiga huigeuza hesabu ya umbali: wanapima umbali kwa kifaa cha leza, wanapiga picha, na kinachotoka ni kimo cha mnyama, bila kumdunga sindano ya usingizi.