Msaidizi wa Eksirei Asisahauliwe

Kila mwananchi anamjua mganga, na kila mwananchi anamjua mwuguzi. Lakini mwulize mtu aliyetoka hospitali baada ya kupigwa picha ya kifua ni nani aliyempiga picha hiyo, aghalabu atajibu, "Ni yule kijana wa mashine." Jina hakuliuliza, wala uso hakuushika. Hata hivyo, neno ambalo mganga atamwambia juu ya pafu lake au mfupa wake litategemea kazi ya kijana huyo. Dereva aliyepinduka na gari, mchukuzi wa bandarini aliyeangukiwa na mzigo, mchimba madini wa Mererani ambaye vumbi la mawe limemjaa kifuani: wote hupita mlangoni kwake. Yatupasa basi kuifahamu kazi yake, na kuzifahamu haki zake.

Kazi hiyo huanza na karatasi ya mganga. Msaidizi huisoma, humwuliza mgonjwa jina, na kuhakikisha kwamba ni huyu wala si mwingine, na kwamba ni mguu wa kulia wala si wa kushoto. Huweka alama ya upande, kwa maana picha isiyo na alama yaweza kumwongoza mganga kupasua palipo pazima. Mwanamke humwuliza kwa adabu kama ana mimba, kwa sababu mtoto aliye tumboni hudhurika upesi zaidi. Huomba mikufu na vifungo vya chuma viondolewe, kwa kuwa chuma huizuia mionzi na kuacha doa jeupe juu ya picha. Kisha humweka mgonjwa sawasawa, humwambia avute pumzi na kuizuia, naye huenda nyuma ya ukuta uliotiwa madini ya risasi, ndipo abonyeze kitufe. Kumgeuza mzee aliyevunjika nyonga bila ya kumzidishia maumivu ni kazi ya ustadi na huruma.

Zamani picha zilisafishwa kwa dawa katika chumba cha giza. Siku hizi, katika hospitali nyingi, picha huonekana mara moja katika kioo cha kompyuta. Lakini kompyuta haijui kumlaza mgonjwa. Picha ikiharibika kwa uzembe hurudiwa, na mwili wa mgonjwa hupigwa mionzi mara ya pili bila ya sababu.

Mionzi hiyo iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba, 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Dunia ikashangilia, isijue kwamba kitu kipenyacho nyama bila ya maumivu chaweza pia kuiharibu. Miongoni mwa watu wa kwanza kulipa gharama ya ujinga huo alikuwa msaidizi. Clarence Dally, fundi wa vioo katika maabara ya Thomas Edison huko Marekani, alikuwa akiijaribu mitambo ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe. Mikono iliungua, ikaingia saratani, ikakatwa. Na mwaka 1904 akafariki akiwa na umri wa miaka 39. Edison akaiacha kazi ya eksirei kwa hofu. Mwaka 1936 nguzo ya kumbukumbu ilisimamishwa mjini Hamburg, yenye majina 169 ya watu wa nchi mbalimbali waliokufa kwa ajili ya kazi hii.

Vifo hivyo viliifundisha dunia. Mgonjwa wa leo hana haja ya kuogopa: picha moja ya kifua huleta mionzi isiyozidi ile aipatayo kila mtu kutoka ardhini na angani kwa siku kama 10. Lakini mgonjwa huja mara moja akaenda zake. Msaidizi hubaki pale kila siku, mwaka hata mwaka. Kinga zake ni tatu: kufupisha muda, kukaa mbali, na kujifunika kwa risasi. Akiuzidisha umbali mara mbili, mionzi hupungua ikawa robo. Pamoja na hayo huvaa kifuani beji ya kupimia mionzi, ambayo husomwa baada ya muda maalum. Kipimo kilichokubaliwa na mataifa hakimruhusu mfanyakazi kupita milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Hapa Tanzania, Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 imeiweka kazi ya kusimamia mambo hayo chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Sheria ni njema, lakini sheria haivaliwi kifuani. Palipo na aproni ya risasi iliyopasuka, au beji isiyopelekwa kusomwa, hapo sheria haijatimizwa, hata kama karatasi zote zimepigwa mhuri. Mfanyakazi asiyejua amepokea mionzi kiasi gani ni sawa na mchukuzi abebaye gunia asilolijua uzito. Tofauti ni kwamba uzito huu hauonekani mgongoni leo, huonekana baada ya miaka mingi. Na msaidizi aiachaye beji yake katika mtoto wa meza kwa uvivu, huyo anajidhulumu nafsi yake na kuwadhoofisha wenziwe wanaodai haki.

Basi viongozi wa matawi ya wafanyakazi katika hospitali zetu na waulize mambo mawili: beji zilisomwa lini mara ya mwisho, na je, kila mvaaji ameonyeshwa hesabu yake? Nasi wagonjwa tungoje zamu yetu, tusimshurutishe mganga kutuandikia picha isiyo na haja. Tumezoea kuwaambia wananchi kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Neno hilo lianze kutimizwa ndani ya hospitali yenyewe.