Kabla hujaweka kabro, zichane nyasi kwanza

Kama umewahi kupata kibarua cha kukata nyasi za watu Embu au Meru, hii hadithi unaijua. Mwaka juzi zilikuwa kijani hadi majirani walikuwa wanapigia picha hapo. Sasa zina mabaka ya kahawia, na ukizikanyaga mguu unadidimia kama uko juu ya godoro. Mwenye boma anakuambia uongeze maji. Unaongeza. Anakuambia uweke mbolea. Unaweka. Mwezi ukiisha anakuita kando: amepata fundi wa kabro, na kibarua chako kimeota nyasi kweli kweli.

Basi kabla mambo yafike huko, chukua kisu au panga, ukate kipande kidogo cha hizo nyasi kama unavyokata keki. Kiinue ukiangalie kutoka ubavuni. Juu kuna majani mabichi. Chini kuna huu udongo wetu mwekundu. Katikati je? Hapo ndipo kuna maneno. Kuna tandiko la mashina makavu na mizizi iliyokufa, limeshikana kama mkeka wa zamani. Likiwa la sentimita moja hivi, liache, linakinga udongo na jua. Likipita sentimita moja na nusu, ujue nyasi zimeanza kujikaba koo zenyewe.

Maji unayomwaga yanaishia kwenye hilo tandiko, udongo haupati kitu. Mizizi nayo si mijinga, inafuata maji, kwa hivyo inapanda kuishi humo juu badala ya kwenda chini. Jua la Februari likipiga wiki moja tu, imekwisha. Na ile mbolea? Inazifanya zikue haraka zaidi na kuongeza tandiko. Watu hupenda kulaumu majani yaliyokatwa na kuachwa pale. Wanayaonea. Majani mororo huoza upesi. Ni mashina yanayotambaa ndiyo magumu kuoza.

Na hapa kwetu nyingi ni nyasi za Kikuyu, ambazo kutambaa ndiyo kazi yake, juu ya ardhi na chini yake. Jina halikutoka hewani. Ni nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, za kwetu kabisa. Mwaka wa 1919 zilifika Australia. California zilipelekwa miaka hiyohiyo kushikilia udongo kwenye kingo za mitaro. Leo wachezaji gofu wa Riviera, Los Angeles, wanazikanyaga, na papo hapo serikali ya Marekani imeziweka kwenye orodha yake ya magugu hatari. Yaani wanazipenda na kuziogopa kwa sababu moja: ukizikata zinarudi. Hiyo ndiyo inatupa ruhusa ya kuzichana.

Ndiyo, kuzichana, kama nywele. Huhitaji mashine. Kwanza zikate ziwe fupi, lakini kwa awamu mbili tatu ndani ya wiki kadhaa, si kwa siku moja ukiwa na hasira na slasha. Kisha chukua reki ya meno ya chuma, uvute ukielekea upande mmoja. Usigandamize. Meno yanatakiwa kukwaruza tandiko na kugusa udongo kidogo tu. Ukiona unang'oa mizizi mibichi au umeanza kulima, punguza nguvu. Tandiko likiwa nene sana usilimalize lote kwa mara moja. Toa kiasi, lingine ungoje msimu unaofuata. Hapa ndipo wengi huharibu, maana kijana akipewa reki anataka kuonyesha ana misuli.

Msimu ndio kila kitu. Nyasi hizi hupenda joto na unyevu, kwa hivyo ngoja mvua ianze na udongo ulowe, halafu uache siku moja mbili maji yazame. Embu mjini, Runyenjes, Nkubu na Meru mjini hiyo ni mwisho wa Machi au Aprili, ama Oktoba mvua ya vuli inapoingia. Muulize mkulima yeyote wa upande huu wa Mlima Kenya, atakuambia vuli ndiyo wanayoiamini zaidi. Ukiwa chini kule Mbeere kwenye joto, chana kidogo na kwa mvua pekee. Ukiwa Timau, sahau Juni na Julai. Kwa baridi hiyo hata wewe hutaki kuvuliwa blanketi.

Ukimaliza, pepeta udongo na samadi iliyooza vizuri, unyunyize safu nyembamba ambayo majani bado yanatokeza. Mvua itafanya mengine.

Lakini si kila nyasi ni ya kuvumilia. Vuta mti mmoja uone. Ikiwa inatambaa juu tu, bila mashina ya chini ya ardhi, ukiikwaruza kwa nguvu haina pa kuanzia tena. Hiyo ipitie kwa mkono mwepesi sana. Na pale watu wanapopita kila siku, au uwanja wa shule, shida mara nyingi ni udongo kushindiliwa. Reki haisaidii hapo. Toboa mashimo kwa uma.

Utapata magunia ya makapi. Tafadhali usiyatupe kwenye kahawa au majani chai ya mtu. Kipande kimoja chenye kifundo kibichi kinaota, na mwenye shamba atakutafuta. Yarundike juani yakauke kabisa ndipo uyaweke kwenye mboji.

Sasa kuhusu pesa, kwa sababu najua ndiyo unangoja. Reki moja, na misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Hakuna anayekuuliza cheti, na hili nalisema kama mtu aliyetoka chuo bila hicho cheti. Lakini mwenye boma mwambie mapema: "Mama, wiki mbili tatu hapa patakuwa pabaya kuliko sasa." Mwonyeshe kile kipande ulichokata, ashike lile tandiko kwa mkono wake. Piga picha kabla ya kuanza, na elewaneni kuhusu malipo siku hiyohiyo. Usipomwambia, siku ya tatu akiona vumbi na mashina matupu atampigia fundi wa kabro.