Nambari kubwa ya petroli si nguvu ya gari

Rahisi ni ghali, walisema wahenga. Kutokana na methali hiyo, wengi wetu tumejiaminisha kwamba kila kilicho ghali hakina budi kuwa bora. Mwalimu mwenzangu ni mfuasi mkubwa wa imani hiyo. Ana kigari kidogo cha Kijapani alichokinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika, na kila apatapo mshahara hukipeleka kituoni kitiwe petroli ya bei ya juu, ile yenye oktani nyingi. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Ndugu yangu, gari nalo hula. Ukililisha vyema litakimbia."

Nilimsifu kwa kulitunza gari lake, ila sikukubaliana naye. Mshahara wa mwalimu, kama wasomaji wengi wa ukurasa huu wajuavyo, hauna ziada ya kumwagwa ndani ya tangi bila faida.

Swali la msingi ni hili: nambari ya oktani hupima nini? Wengi hudhani kuwa hupima nguvu. La hasha! Hupima ustahimilivu. Ndani ya injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli huingia katika silinda, kisha pistoni hupanda na kuukandamiza hadi ukapata joto kali. Yatakiwa mchanganyiko huo usubiri cheche ya plagi ndipo uwake kwa utaratibu. Petroli isiyo na subira, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Hapo dereva husikia injini ikigonga, kana kwamba kuna mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Kugonga huko kukizidi huweza hata kuharibu pistoni.

Wanafunzi wa kemia watafurahi kujua kwamba kipimo hiki kilibuniwa katika miaka ya 1920 na mwanakemia Mmarekani, Graham Edgar. Aliteua kemikali mbili: isooktani, inayostahimili sana, akaipa 100, na heptani, inayolipuka upesi, akaipa 0. Petroli ya oktani 95, basi, ni ile inayostahimili sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Hakuna popote katika hesabu hiyo palipotajwa nguvu wala mwendo.

Ni injini ipi, basi, inayohitaji nambari kubwa? Ni ile inayokandamiza sana, au yenye turbo inayosukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Gari la aina hiyo likinyweshwa oktani ndogo kuliko iliyoagizwa, litagonga, au kompyuta yake italazimika kuchelewesha cheche, na nguvu zipungue. Mwenye gari hilo hana budi kulipa zaidi. Lakini injini ambayo haikuundwa kwa petroli hiyo haifaidiki kwa nambari kubwa.

Jibu la kila gari limeandikwa katika kitabu chake au kwenye kifuniko cha tangi. Magari mengi yaliyoko barabarani mwetu yametoka Japani, ambako petroli ya kawaida hutakiwa isipungue oktani 89, na ile ya juu isipungue 96. Gari lililoundwa kwa petroli ya kawaida ya huko hutosheka na super ya kwetu, ambayo oktani yake huzidi 90. Aliye na gari la Kimarekani naye asibabaike akiona 87, kwa kuwa Wamarekani hutumia kipimo tofauti, na 87 yao hukaribia 91 au 92 katika kipimo kinachotumika hapa.

Jiografia nayo ina neno lake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa haba huko juu, mkandamizo hupungua, na haja ya oktani hupungua pia. Basi gari lisilogonga Nairobi laweza kugonga likiteremka Pwani penye joto na hewa nzito. Dereva asikimbilie kumlaumu fundi.

Simaanishi kwamba ubora wa mafuta ni jambo la kupuuzwa. Hatari kubwa kwa gari la mwananchi wa kawaida ni petroli iliyochanganywa na mafuta taa, ambayo oktani yake ni ya chini mno. Uovu huo wa kuchanganya mafuta ulifanya serikali itoze mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mnamo 2018, na mzigo ukamwangukia maskini anayewasha koroboi.

Tena tukumbuke kwamba ulimwengu uliwahi kulipa ghali kwa ajili ya oktani. Mnamo 1921 Thomas Midgley aligundua kwamba kemikali yenye madini ya risasi huzuia injini kugonga. Kwa miongo mingi risasi hiyo ilitoka katika moshi wa magari ikaingia vifuani mwa watoto na kudhuru akili zao. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho ulimwenguni mnamo 2021. Injini zilinyamaza, lakini waliolipia ukimya huo ni wanafunzi wetu.

Mwenzangu nilimwonyesha kifuniko cha tangi lake. Alikisoma, akacheka, kisha akaniuliza ni pesa ngapi amepoteza. Sikuthubutu kupiga hesabu mbele yake. Sisi walimu hutoa nambari kila muhula, na twajua jinsi mzazi anavyoweza kuitazama alama bila kuuliza ilipima nini. Kituoni pia, kabla ya kutoa noti, tuulize.