Kifurushi Kisichokuwapo: Hesabu Dhidi ya Utapeli

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeishi Magindu, katika Wilaya ya Kibaha, ambaye ameagiza vitabu kutoka Uingereza. Jioni moja anapokea ujumbe katika simu yake: “Kifurushi chako CP407182638GB kimezuiliwa forodhani. Tuma shilingi 15,000 kwa namba hii kabla ya saa sita usiku, la sivyo kitarudishwa.” Ni kweli kwamba anasubiri kifurushi. Ni kweli pia kwamba Kwala, si mbali na kwake, iko bandari kavu iliyozinduliwa mwaka 2025, na habari za mizigo na ushuru si ngeni masikioni mwake. Je, alipe?

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali hili laweza kujibiwa kwa hesabu na mantiki, wala halihitaji ujuzi wa kompyuta.

Jambo la kwanza linalomshawishi mwalimu wetu ni kwamba ujumbe unalingana na hali yake. “Wamejuaje kuwa nasubiri mzigo?” hujiuliza. Yamkini hawakujua. Mtapeli ni kama mvuvi atupaye wavu: hamjui samaki hata mmoja kwa jina. Tuseme amepeleka ujumbe ule ule kwa watu 10,000, na kwamba katika kila watu 100 mmoja anasubiri kifurushi. Watu 100 watadhani ameandikiwa kila mmoja peke yake, na wale 9,900 wataupuuza bila kusema neno. Mimi mwenyewe, nilipokuwa masomoni ng'ambo, nilipata ujumbe wa namna hiyo wiki ile ile niliyokuwa nikingojea vitabu, nikakaribia kulipa. Kilichonidanganya kilikuwa sadfa tu.

Jambo la pili ni ile namba. Vifurushi vinavyosafirishwa na mashirika ya posta baina ya nchi na nchi hupewa namba kwa kanuni ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874. Namba hiyo ina herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu nane, tarakimu moja ya uhakiki, kisha herufi mbili za nchi iliyotoa namba. Tarakimu ya uhakiki haichaguliwi ovyo. Zile tarakimu nane huzidishwa, kwa mfuatano, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, majibu hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 11, na baki hutolewa katika 11. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, likiwa 11 huandikwa 5.

Na tuijaribu namba ya mwalimu, 40718263:

32 + 0 + 28 + 2 + 24 + 10 + 54 + 21 = 171

Tukigawanya 171 kwa 11 twapata 15, na baki 6. Kisha 11 − 6 = 5. Tarakimu ya uhakiki ilipaswa kuwa 5, lakini ujumbe umeandika 8. Kwa hiyo namba hii si halali. Mtapeli anayebuni tarakimu ovyo hupatia mara moja tu katika kumi.

Hata hivyo, hapana budi tujihadhari na kosa la mantiki. Namba isiyo sahihi huonyesha kuwa kuna kasoro. Lakini namba sahihi haithibitishi kuwa aliyeiandika ni mkweli, kwa maana aweza kuinakili kutoka kifurushi cha mtu mwingine. Tena, makampuni binafsi ya usafirishaji yana taratibu zake za namba. Kanuni kuu basi ni hii: ujumbe hauwezi kujithibitisha wenyewe. Ithibati sharti itoke nje ya ujumbe.

Kwa hiyo usibonyeze kiungo kilichomo wala usipige simu kwa namba iliyoandikwa humo. Nenda posta, au tafuta mwenyewe anwani ya shirika linalohusika, kisha uliza. Ushuru wa serikali nchini Tanzania hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontro namba, wala hautumwi katika simu ya mtu binafsi. Namba hiyo nayo ihakikiwe kwenye ofisi husika iwapo imeletwa na mtu usiyemjua. Kabla ya kuingiza namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalojitokeza. Na namba hiyo ya siri usimpe mtu yeyote. Ujumbe wa kitapeli waweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia namba 15040. Na aliyekwisha kutuma fedha awaarifu mara moja kampuni yake ya simu na polisi. Udanganyifu huu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mwalimu wa hisabati aweza kuifanya kanuni hii kuwa zoezi: kila mwanafunzi abuni tarakimu nane, akokotoe ya tisa, kisha mwenzake aihakiki. Mwanafunzi ataondoka darasani na hesabu, na jioni atakuwa na la kumwambia mzazi aliyeshika simu akihofu kuwa saa sita usiku inakaribia. Haraka ile ni ya mtapeli; kifurushi cha kweli kitangoja mpaka asubuhi.