Skrini Isiyozimwa na Mtandao

Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na Uganda. Takriban miezi tisa kabla, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme. Anayebuni mfumo wa skrini za matangazo zinazoendeshwa kutoka ofisi moja aanze hesabu zake na siku kama hizo.

Faida ya mfumo huo haina ubishi. Benki yenye matawi kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga inaweza kubadilisha viwango vya fedha kwa dakika chache, bila kupakia mabango kwenye basi wala kumpigia meneja achomeke flashi. Hatari iko kwenye mfumo unaovuta video kutoka kwenye seva muda wote. Video ya megabiti 4 kwa sekunde, ikichezwa hivyo saa 10 kwa siku, hula takriban gigabaiti 18 kwa kila skrini. Tangazo la sekunde 30 la ubora uleule, likipakuliwa mara moja na kuhifadhiwa palepale, ni megabaiti 15 tu. Mwenye kulipia bando anajua uzito wa hesabu hiyo.

Programu ya Xibo ya Uingereza, ambayo seva yake ni ya chanzo huria, hufuata njia hii ya pili: kila skrini inapakua ratiba yake na kuendelea hata mawasiliano yakipotea. Programu ya Anthias nayo ni ya bure na inafaa kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35, ila kila skrini inasimamiwa peke yake. Duka moja linatosheka. Matawi 40 yatamchosha fundi.

Umeme una visa vyake. Ukikatika wakati data inaandikwa, kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika, ndiyo maana mafundi makini huifunga isiandikwe ovyo. Tena Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya ndani. Zikiwaka bila mtandao hazijui ni saa ngapi, na tangazo la asubuhi laweza kuchezwa usiku. Kifaa kidogo cha saa chenye betri huondoa tatizo hilo, nacho kinastahili kutajwa wazi kwenye zabuni.

Vilevile kumbukumbu za kila tangazo lililorushwa: zihifadhiwe kwenye skrini yenyewe, zitumwe makao makuu mtandao ukirudi. Mteja anayelipa kwa idadi ya marudio atazidai.